Nilifungua Kiti cha Baba Mkwe

Siku waliponitaka niombe msamaha, sikuomba. Naanza na hilo ili anayesoma asikae akisubiri mahali nitakapolainika.

Kwetu Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana na baba mkwe wake hawapeani mikono. Pake si pako pa kukaa, na pako si pake. Akiwa na neno kwangu atamwambia mama mkwe, na mama mkwe ataniambia mimi, hata kama sote watatu tumesimama uwanja mmoja na nimesikia kila kitu. Sikuwahi kuichukia desturi hii. Nilipoolewa Manga nilitoka kwetu Mosocho nikiijua, mama yangu aliishi nayo, na tena ina raha yake. Baba mkwe hawezi kukugombeza uso kwa uso. Hasira yake inakufikia ikiwa imepitia kwa mtu mwingine, imepoa njiani, imepungua maneno.

Baba mkwe ana gari moja, station wagon nyeupe anayopakia ndizi siku ya soko na waumini siku ya kanisa. Kiti cha dereva ni chake. Mume wangu akija nyumbani anaweza kukikalia, ni mwanawe. Mimi nikisaidia kuosha gari, naosha mabati na vioo, kiti nakiacha. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ilijulikana tu.

Na mimi ndiye fundi wa umeme wa magari katika boma lile. Hilo nalo lilijulikana, lakini halikusemwa. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza kazi kwenye gereji moja Nyakoe, na mpaka leo ndiyo kazi yangu. Aliyenifundisha ni mzee wa Kiislamu wa pale mjini, wa familia ya wauza spea, mtu wa kufoka. Alikuwa anatupokonya mita ya kupimia umeme mikononi. Kabla hujapima kitu, anasema, uliza gari liliguswa na nani mara ya mwisho, na aligusa nini. Ukikosa kuuliza utazunguka wiki nzima.

Sasa nieleze siku yenyewe.

Mvua ya mchana ilikuwa imeshaanza, ile isiyokosa. Mwanangu alikuwa na joto tangu asubuhi, dawa tumempa. Nilikuwa namenya ndizi jikoni kwa mama mkwe, na mtoto yuko mapajani kwa bibi yake, mara akakakamaa. Macho yakageuka meupe, mikono ikaanza kutikisika. Degedege. Mume wangu anafanya kazi Nakuru. Baba mkwe alikuwa ng'ambo ya mlima kwenye kikao cha mazishi, simu imezimwa. Tulimpigia mtu wa bodaboda tunayemjua, akasema njia ya kuteremka imekuwa sabuni, hawezi kumbeba mtoto hapo. Sikumlaumu.

Mama mkwe akaingia nyumbani kwake mbio, akatoka na ufunguo. Akauweka mkononi mwangu mwenyewe. Akasema, "Endesha."

Neno moja. Nalikumbuka kwa sababu baadaye lilipotea, nikalitafuta mdomoni mwake nisilipate.

Alikaa nyuma na mtoto. Mimi nikaketi pale. Nikasogeza kiti mbele, maana baba mkwe ana miguu mirefu, na hilo nalo lilikuja kuhesabiwa kama kosa la pili. Tuliteremka gari likiteleza kama ng'ombe kwenye tope, tukafika lami, tukapita Nyakoe, tukaingia mjini Kisii hospitalini. Daktari alisema ni malaria, na akasema tumefanya vizuri kutongoja mvua ikatike. Mtoto akalazwa, na mimi nikabaki naye wodini.

Kesho yake mume wangu akafika kutoka Nakuru. Akamwona mwanawe amelala anapumua vizuri, akalia kidogo, akajifanya anapenga kamasi. Halafu akamchukua mama yake, akalirudisha gari nyumbani. Akanipigia kwamba wamefika salama, gari limepanda mlima bila tatizo. Akarudi kazini kwake. Anayesoma aliweke hilo kichwani: gari lilipanda mlima bila tatizo, na lilikuwa limeshakaliwa na mimi.

Siku niliyoruhusiwa na mtoto, Ijumaa alasiri, tulipanda Manga kwa pikipiki, jua linawaka. Nilitegemea nikute watu wanamsubiri mtoto. Nikakuta gari limefunguliwa boneti uwanjani na mama mkwe haniangalii machoni.

Akaniambia gari limekufa. Baba mkwe alitaka kwenda soko, akazungusha ufunguo, taa zote za dashibodi zikawaka kama sherehe, mishale imelala, injini haigeuki hata kidogo. Ameletwa fundi wa mjini mwenye skana. Skana imesema kompyuta ya injini haijibu. Fundi akasema kompyuta imekufa, itafutwe nyingine, akaondoka. Kisha, akasema mama mkwe huku akichezea pindo la leso yake, tata, yaani baba mkwe, anasema gari halikuwahi kumfanyia hivyo. Anasema ni kile kiti. Ameita wazee wa ukoo Jumapili. Baba yako naye ameitwa kutoka Mosocho. Utaomba msamaha mbele yao, yaishe.

Baba yangu. Mtu aliyenilea kwa kuchuna majani chai ya watu, avae koti lake la harusi apande mlima, aketi mbele ya wanaume wale aseme pole kwa sababu mjukuu wake hakufa. Nilikuwa bado nimeshika mfuko wa dawa za mtoto.

"Mama," nikasema, "si wewe uliyesema endesha?"

Akageuka kuangalia sufuria. "Mokamwana," akasema, ndivyo anavyoniita mke wa mwanawe, "mimi nilikuwa nimeshika mtoto."

"Ulimshika kwa mikono. Mdomo ulikuwa huru."

"Usinijibu hivyo na nyumba inasikia."

Nyumba ilikuwa inasikia kweli. Baba mkwe alikuwa ndani, dirisha wazi. Basi nikasema kwa sauti, nikilitazama gari, sikumtazama mtu: msamaha hautakuwapo. Gari limeharibika, na gari lina sababu ya gari. Nitaitafuta. Na kabla sijashika mita nikauliza swali la gereji: tangu mume wangu alilete, nani aligusa gari hili?

"Hakuna," akasema mama mkwe. Alisema haraka mno.

Nieleze kwa nini nilijua yule fundi ameteleza, na simchukii, skana imewatelezesha wengi. Gari la siku hizi lina kompyuta kadhaa. Kuna ya injini, ya breki, ya usukani, ya mifuko ya hewa ya kukinga ajali, ya dashibodi, na ile inayotambua ufunguo. Zote zinaongea kupitia waya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja kama msuko wa nywele. Ya ufunguo ndiyo inayoiambia ya injini, huyu ni mwenye gari, washa. Waya hizo zikiguswa vibaya mahali popote, hata kama ni chini ya kapeti, zote zinanyamaza, na kila moja inaandika kwamba mwenzake hajibu. Ukichomeka skana unasoma lawama. Kosa huoni. Fundi alisoma lawama ya kwanza, ya injini, akafunga mashine. Laiti angeendelea angeona breki nazo hazijibu, usukani haujibu, dashibodi haijibu. Kompyuta zote haziwezi kufa asubuhi moja. Hawajafa watu pale. Ni njia imefungwa.

Jumamosi ni Sabato, nyumba yetu haifanyi kazi, kwa hiyo nilibaki na asubuhi ya Jumapili peke yake. Baba mkwe aliteremka kuwapokea wazee. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua mita yangu na mfuko wa spana, nikaenda uwanjani. Mama mkwe akasimama mlangoni kwake kama askari asiye na amri.

Nilitoa kichwa cha betri, nikasubiri, maana chini ya viti kunapita waya za njano za mifuko ya hewa na hizo hazitaniwi. Halafu nikapiga magoti. Ndiyo, nilipiga magoti siku ile, kwenye nyasi, nje ya mlango wa dereva, mbele ya soketi iliyoko chini ya usukani. Katika soketi ile kuna matundu mawili ya zile waya mbili. Mwisho huu na mwisho ule wa waya kuna kizuizi kidogo cha umeme, na vyote viwili vikiwa vizima, mita inasoma ohm sitini na inatulia. Mwisho mmoja ukikatika, inasoma mia moja na ishirini na inatulia. Waya zikigusana uchi, inasoma karibu sufuri na inatulia.

Yangu haikutulia. Arobaini na moja. Thelathini na sita. Arobaini na nne. Nilifikiri mkono wangu haujashika vizuri, nikaegemeza kiwiko kwenye mlango, nikashika tena. Ilitembea vilevile.

Nikafikiria panya, maana ndizi zinaleta panya. Nikafungua boneti, nikafuata waya, sikuona meno ya kitu. Nikachomoa kompyuta ya breki, mita ikaendelea kutembea. Nikachomoa ya usukani, ikatembea. Kama mojawapo ya hizo ingekuwa mbovu, nikiitoa namba ingetulia. Hazikuwa na hatia. Na namba inayotembea, niliambiwa Nyakoe kwa kufokewa, ni maji. Chuma hakiyumbi. Maji yanayumba.

Lakini maji ya wapi? Mvua haikuwa na pa kuingilia. Vioo vilikuwa vimefungwa. Nikaweka kiganja kwenye kapeti upande wa dereva. Juu pakavu. Nikabonyeza kwa nguvu, kikatoka kitu cha baridi kati ya vidole. Nikanusa. Harufu nzuri ya maua. Sabuni ya unga.

Nikageuka nikamwangalia mama mkwe. Aliangalia kuku.

Waya zile mbili zinapita pembeni mwa mlango, zinaingia chini ya kiti cha dereva, na hapo ndipo zinapokutana kwenye plagi moja kubwa. Ili niifikie, kiti kilipaswa kutoka. Kufikia hapo nilikuwa nimetuhumiwa kwa kuketi tu, na sasa nilihitaji kukifungua, kukikumbatia na kukitoa nje. Nikatafuta spana ya saizi yake.

"Mokamwana," akasema mama mkwe kwa sauti ndogo, "hicho kiache."

"Nikikiacha, nitaomba msamaha kwa kosa la maji."

Bolti za nyuma zilitoka vizuri, za mbele zilikuwa zimeshika, nikaipiga spana kwa kiganja cha mkono mpaka kikavimba. Nikachomoa plagi ya njano, nikakiinua kiti. Mtoto mgongoni akaamka, akaanza kucheka, akidhani tunacheza. Nikakiweka kwenye nyasi kikiangalia jua. Sponji yake ilikuwa nzito kama mtungi, ikaanza kuvuja povu jeupe chini.

Plagi niliikuta imelala katikati ya dimbwi. Nilipoifungua, meno yake yalikuwa yameota kutu ya kijani, na kati ya waya hizi mbili na ya tatu inayopita jirani kulikuwa na uji wa sabuni.

Wakaja nikiwa bado nimeshika mswaki wa kusafishia plagi.

Walikuwa wazee watatu wa ukoo, na baba mkwe mbele, na nyuma yao baba yangu na lile koti. Mlima ulikuwa umewachosha. Mkubwa wao, ami yake baba mkwe, miguu inamuuma siku zote, akaona kiti kizuri kimewekwa juani, akashukuru Mungu, akaketi. Kiti kikalia pwaa. Akaruka, suruali imelowa nyuma yote, akauliza ni nani anayeweka viti vilivyokojolewa uwanjani. Mzee mwingine akamwambia hicho ndicho kiti tulichokuja kukiongelea. Akasema, "Basi na mimi niongezwe kwenye kesi."

Walicheka. Baba mkwe hakucheka. Alisimama akiangalia shimo ndani ya gari lake. Kisha akasema kwa mama mkwe, nami niko pale karibu na mlango, mwambie arudishe kiti.

"Mwambie kitarudi kikikauka," nikasema.

Sikungoja kikao kianze. Nilivuta ile kapeti nikaikamua mbele yao. Maji yakatoka, yakafanya povu kwenye miguu yangu. Nikawaambia kwa kifupi, kama ninavyomweleza mteja. Niliketi kwenye kiti hiki nikampeleka mtoto wenu hospitali. Gari likaenda. Likarudi. Likapanda mlima. Halikufa kwa kukaliwa. Limekufa kwa kuoshwa, na sabuni hii haikutoka mbinguni. Sikumtaja mtu. Nilimjua, lakini sikumtaja, maana nilitaka kuona ni nani ataniacha nisimame peke yangu mara ya pili.

Baba yangu akavua kofia, akafungua mdomo. Alikuwa amejiandaa, nilimwona, pole yake ilikuwa tayari imeshafika kwenye meno. Nikamwambia, "Tata, usiseme. Tafadhali." Akaufunga. Hiyo ilinigharimu kuliko kiti.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Alitoka mlangoni akasimama karibu na kiti. "Ni mimi niliosha," akasema. "Mabeseni. Tata aliniambia nikiondolee unajisi wa kukaliwa, nikamwaga mpaka nikaona kimetakata." Halafu akamgeukia mume wake, na sijawahi kumsikia akiongea hivyo mbele za watu: "Na ufunguo ni mimi niliutoa. Nilisema endesha. Ungekuwepo ungesema nini?"

Yule ami mwenye suruali iliyolowa akajaribu kusema kwamba gari ni gari na desturi ni desturi, kwamba hata likiwaka neno moja dogo la heshima halimuumizi mtu. Nikamwambia linaniumiza mimi. Ningeomba msamaha, siku mtoto mwingine wa boma hili akikakamaa, mama yake angesimama kwanza afikirie kiti. Akatazama chini. Sisemi alikubali. Alitazama chini.

Nikarudi kwenye kazi. Nilisafisha plagi kwa dawa na mswaki, nikaipuliza, nikaianika, nikaiunganisha tena. Nikapima. Hamsini na nane, hamsini na tisa, sitini. Ikatulia. Nilikaa nikiangalia ile sitini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikarudisha kompyuta zilizochomolewa, nikaipandisha plagi juu kidogo nisiiache tena sakafuni. Kiti bado kilikuwa kimelowa, kwa hiyo nikaweka debe la mafuta ya kupikia mahali pake, nikaliketia. Nikarudisha betri, nikazungusha ufunguo. Taa zikawaka zote, zikazimika moja moja kama inavyotakiwa, mishale ikainuka, na injini ikashika.

Hakuna aliyepiga makofi. Wazee walikula, wakaondoka. Msamaha haukuombwa na hakuna aliyeuulizia. Baba yangu aliniaga kwa kunishika bega kwa muda, akateremka zake. Sijui alinionea fahari au aliniogopa, na sikumuuliza.

Kiti nilikirudisha kilipokauka. Bolti za mbele nilizipaka grisi, kwa sababu najua gari hili nitalifungua tena.

Mtoto alitakiwa kurudi kliniki. Asubuhi hiyo nilifungua mlango wa jiko langu nikitegemea kwenda kutafuta pikipiki, nikakuta ufunguo wa gari umening'inizwa kwenye msumari wa nje. Baba mkwe hawezi kunipa mkononi. Sikutaka anipe mkononi. Hakumtuma mama mkwe na neno lolote, na mama mkwe alipopita na ndoo aliutazama msumari, akanitazama, akaenda zake akijikohoza.

Kwenye kiti cha dereva palikuwa pametandikwa taulo, limekunjwa vizuri pembe kwa pembe. Nikasimama nikiliangalia. Nilielewa: kaa, lakini usiguse.

Nikalitoa. Nikaliweka nyuma chini ya miguu ya mama mkwe, aliyekuwa ameshapanda na mtoto bila kuulizwa. Nikaketi kwenye kitambaa cha kiti chenyewe, nikasogeza kiti mbele mpaka miguu ikafika. Tuliporudi sikukisogeza nyuma. Baba mkwe ana mikono, atakisogeza mwenyewe.